Maharage ya Mbele

Nimechoka, ndugu msomaji. Sisemi kuchoka kwa mtu aliyelima kutwa nzima, huko kunaisha ukilala. Nasema kuchoka kwa mtu anayeamka na kukuta kila kitu kiko palepale alipokiacha jana, na yeye mwenyewe yuko palepale.

Kwa aliyenikosa wiki iliyopita, habari kwa ufupi ni hii. Mto uliacha njia yake ukapita shambani kwetu, ukaondoka na mahindi yote, ukatuachia mchanga wa kufika magotini. Serikali ikatangaza msaada kwa wakulima waliokumbwa na mafuriko: trekta ya kuzoa mchanga, mbegu, na fedha kidogo za kuanzia. Sharti lilikuwa moja tu. Mkaguzi aje, aone hasara kwa macho yake na apige picha.

Na mimi, kwa akili zangu hizi, nilifanya nini kabla hajaja? Nikasafisha.

Watu wananiita Mama Usafi, na hawaniiti hivyo kwa heshima, wananicheka. Lakini usafi huo sikuzaliwa nao, nilifundishwa na mama mkwe. Wiki ile ile nilipoolewa alinishika mkono akanipeleka shambani. "Kipande hiki cha barabarani, mwanangu, ndicho utakachokilima kwanza na kukipalilia kwanza. Huko nyuma hafiki mtu. Sitaki anayepita njia hii aseme nyumba yangu imeingia wavivu."

Basi baada ya mafuriko nikachukua koleo na beseni, nikazoa mchanga wa kipande cha mbele peke yake, nikapanda maharage. Yakaota, jamani, yakapendeza. Nyuma yake mchanga ulikuwa umelala vilevile kama mto ulivyouacha.

Mkaguzi alipokuja, magodoro yaliyolowa nilikuwa nimeyaficha nyuma ya jiko. Viti nimeazima kwa jirani. Chai nimemwekea kwenye vikombe vya maua vya mama mkwe, vile visivyotoka kabatini mpaka kuwe na posa au msiba. Kijana wa watu akanywa, akashukuru, akasimama pale getini akainua simu apige picha. Nikamwambia asubiri kwanza nifunge kitambaa changu vizuri.

Majibu yakarudi: kaya hii haikuathirika.

Mume wangu hakugomba. Mgongo wake umekufa kwa kunisaidia kubeba mchanga ule wa mbele, na maneno yake nayo yamepungua. Alisema tu kwamba Bosi Tripu, yule anayenunua mchanga wa kujengea, amekuja tena. Bosi Tripu akiingia na lori lake anachota mchanga wa juu, anachota na udongo wa chini, akiondoka anakuachia shimo la maji. Shamba la jirani yetu wa kule chini sasa watoto wanajifunzia kuogelea.

Shamba letu ni la mama mkwe, aliachiwa na marehemu baba mkwe. Mwanawe alipomwomba ruhusa ya kuuza, mama alimjibu mbele yangu: "Anayelima ni mkeo. Siku mkeo akichoka na shamba hili, uza. Kabla ya hapo usiniletee hayo maneno."

Hapo ndipo nilipowaacha, niko njiani nakwenda ofisi ya kilimo kukata rufaa, machozi yananitoka kama mtoto.

*

Ofisi yenyewe ni chumba chenye kaunta ndefu na feni inayozunguka kwa kujilazimisha. Karani alikuwa anamenya chungwa juu ya magazeti. Nikaamkia, akaitikia bila kuinua macho.

"Mwanangu, nimekuja kwa habari ya mafuriko. Mmeandika sisi hatukuathirika."

"Kama tumeandika, basi tumeona."

"Hamkuona. Nyuma kote ni mchanga."

Akajifuta vidole, akafungua kompyuta, akaigeuza kwangu. Loo! Ile picha ilikuwa kubwa kama dirisha. Maharage mabichi mistari mistari, na katikati yao mimi nimesimama, kitambaa kimekaa sawasawa, nacheka meno yote nje.

"Huyu ni nani?" akauliza karani.

"Ni mimi."

"Hapa unalia?"

"Nacheka."

"Sasa mama, mimi niwaambie nini wakubwa? Kwamba huyu anayecheka kwenye maharage ndiye aliyekumbwa na mafuriko?"

Watu waliokuwa kwenye benchi wakacheka. Hata mimi ningecheka, ingekuwa ya mwenzangu.

"Mgeni akija unamwonyesha magodoro yaliyooza?" nikamwambia. "Kwenu wewe mgeni mnampokeaje?"

Akanitazama vizuri sasa, nadhani nilimkumbusha mtu. Akasogeza maganda ya chungwa pembeni.

"Sikiliza, mama. Kuna ukaguzi wa pili na wa mwisho. Alhamisi bibi shamba atapita kwenu. Huyo hapokei chai ya mtu. Mwonyeshe hasara, basi. Asipoiona tena, usirudi hapa, utanionea bure."

Nikarudi nyumbani kwa miguu. Njia nzima nilikuwa nawaza neno moja tu: mwonyeshe hasara.

*

Nilimkuta shemeji yangu uani, amekalia ndoo. Huyu ni mdogo wake mume wangu, wote tunamwita Kesho, kwa sababu ukimwambia fanya hiki leo jibu lake unalijua. Mafuriko yalipopita hakugusa hata jani. Tope liliingia kwake mpaka chumbani, na yeye akalala juu ya tope. Mkaguzi alipofika kwake alishindwa hata pa kukanyaga. Sasa Kesho amekwisha pata ujumbe kwenye simu, na trekta imekwisha zoa.

"Shem, umeona sasa?" akaniambia. "Miaka yote mnanisema mvivu. Uvivu wangu umezoa shamba bila hata kutoka jasho."

"Niache, Kesho. Nimechoka."

"Sikuachi, nakusaidia. Alhamisi anakuja, siyo? Yale maharage yang'oe. Magodoro yatoe nje. Vaa nguo iliyochanika. Akiuliza, wewe lia tu, usijibu."

Mume wangu alikuwa amekaa mlangoni anajisugua mgongo kwa dawa. Nilimtazama aseme neno. Akaendelea kujisugua.

Lakini sauti ilitoka ndani.

"Hebu rudia hayo, nisikie vizuri."

Mama mkwe akatoka na fimbo yake. Macho yake yameingia ukungu. Mtu anamwona kama kivuli, na vitu vidogo havioni kabisa. Lakini masikio anayo mawili mazima.

"Nilikuwa natania, mama," Kesho akasema.

"Hukuwa unatania. Maharage yamechanua. Nimeyashika mwenyewe jioni, maua yamejaa. Mtu ang'oe chakula chenye maua ili aonewe huruma? Katika nyumba yangu?"

"Mama, bila trekta shamba linakwenda kwa Bosi Tripu," nikamwambia taratibu.

"Kama ni kwenda, litakwenda kwa njia nyingine, siyo kwa hiyo."

Akageuka akaenda zake barabarani. Kila jioni ndiyo kazi yake. Anainama anapapasa majani mstari kwa mstari, akikuta gugu analing'oa, akikuta mdudu anamtupa. Macho yamekufa lakini vidole vyake havijawahi kukosea. Nilimwona amesimama pale mbele anaongea na wapita njia, na wao wanamsifia maharage yake.

*

Sasa nakuja kwenye lililonifanya niandike. Nitalisema lote, maana nikilibakiza nitashindwa kulala.

Alhamisi kulipopambazuka niliyang'oa.

Mume wangu alikuwa ametoka mapema, sikujua kaenda wapi. Mama mkwe alikuwa bado kwenye swala zake. Nikaingia kwenye mstari wa kwanza, nikashika shina la kwanza, mkono ukakataa. Nikapiga moyo konde. La pili likawa jepesi kidogo. Nilipofika katikati nilikuwa nang'oa kama mtu anayegombana na mtu, nalia na kung'oa, nang'oa na kulia. Nilisikia mtu anapita barabarani, sikuinua kichwa kumtazama. Kwa mara ya kwanza tangu niolewe sikujali anayepita.

Nikayabeba maharage nikayatupa nyuma ya choo. Nikatoa magodoro nikayaanika mbele ya mlango, harufu ikajaa ua mzima. Nikachukua tope nikapaka ukuta, naam, mimi Mama Usafi, ukuta nilioupiga chokaa kwa mkono wangu. Nikavaa gauni la kupikia lililopasuka bega. Nikajitazama kwenye kioo nikasema, haya, sasa umeathirika.

Nilipotoka nje mama mkwe alikuwa amekwisha fika barabarani.

Alikuwa ameinama, mkono umenyooshwa, anatafuta. Akapapasa hapa, hakuna. Akasogea, akapapasa pale, hakuna. Akapiga goti kabisa, akaweka viganja viwili kwenye udongo.

"Mwanangu," akaniita. "Maharage yako wapi?"

Nilifungua mdomo, na pikipiki ikasimama.

Bibi shamba alikuwa mwanamke wa makamo, buti za mpira, miwani imefungwa kwa uzi shingoni. Hakukaa. Nilipomkaribisha ndani alikataa. Alitupia jicho magodoro, akatupia jicho ukuta wangu wa tope, sikuona huruma yoyote usoni mwake. Kisha akaenda moja kwa moja mpaka alipokuwa mama mkwe, akachutama.

Kumbe kuna shina moja nililisahau kwenye mtaro. Akaliokota. Maua yake yalikuwa bado hayajanyauka.

"Haya yameng'olewa leo," akasema.

Nikaficha mikono nyuma.

"Mama, nakuuliza wewe. Tuna kesi nyingi za namna hii. Watu wanaharibu mazao wenyewe ili tuwaandike. Nikithibitisha hivyo sina mjadala, nawafuta moja kwa moja. Nani kang'oa?"

Ndugu msomaji, wewe ukiulizwa swali kama hilo ungejibu nini? Mimi nilikuwa naona lori la Bosi Tripu tu. Nilikuwa naona shimo la maji. Na mbele yangu alikuwepo mtu mmoja asiyeweza kuniangalia usoni.

"Ni mama," nikasema. "Macho yake hayaoni. Alidhani ni magugu."

Nilisema hivyo. Nilimsingizia mama yangu mkwe, aliyenilea kuliko aliyenizaa. Nilimsema akiwa amepiga magoti hapohapo, mikono kwenye udongo, ananisikia.

Nilidhani atanikana, na nakuapia, nusu ya moyo wangu ilitaka anikane. Akatafuta fimbo yake, akajiinua taratibu.

"Ndiyo," akasema. "Ni mimi. Macho yamekwisha, mwanangu. Sijui tena maharage na magugu."

Akasema vile mwanamke ambaye njia nzima inamsifia kwa maharage.

"Pole, bibi," bibi shamba akasema, sauti ikawa laini. Akamsaidia kukung'uta magoti. Kisha akanigeukia mimi, akasema jambo lililonimaliza.

"Tena hata msingehangaika. Picha ya mwanzo ninayo, nilijua hapa mbele kuna maharage. Yule kijana alikosea, alikagulia barabarani. Mimi nimetumwa kupima huko nyuma. Yangekuwepo, yasingekuwepo, kwangu ni sawa."

"Kwa hiyo..."

"Kwa hiyo nini?"

"Hakuna," nikasema. Maharage yamekufa bure, na uongo nimeusema bure.

"Twende basi nyuma. Kama mchanga ni huo unaousema, trekta mtapata."

*

Nilisikia kabla sijaona. Ilikuwa ngurumo ya injini, halafu koleo zikigonga.

Tulipopita kichaka cha mpaka, lori la Bosi Tripu lilikuwa katikati ya shamba, limezama matairi nusu. Vijana wa koleo walikuwa wameanza kujaza. Bosi Tripu mwenyewe, tumbo mbele, alikuwa anawaelekeza pa kuanzia. Na pembeni yake, mkono mmoja kiunoni, alikuwa amesimama mume wangu.

"Baba watoto!" nikapiga kelele. "Unafanya nini?"

Akanitazama kwa mshangao wa kweli kabisa. Huyu mtu hajui kuigiza.

"Nafanya ulichotaka."

"Nilichotaka mimi? Nani kakuambia?"

"Nilipita barabarani alfajiri nikakuona. Unang'oa maharage, unalia. Nikasema, basi, mke wangu amechoka. Mama alisema siku mkeo akichoka, uza. Nilitaka hata kukuita, nikaona nikuache ulie. Nikaenda kwa Bosi, akanipa fedha za advansi." Akashusha sauti. "Hata mimi nimechoka, mama watoto. Nilikuwa nakusubiri wewe tu."

Nilishindwa kumkasirikia. Laiti ningeweza, ingekuwa nafuu. Alikuwa ameona sawasawa. Hakukosea hata kidogo, nilikuwa nimechoka, ila si kwa namna hiyo.

Bibi shamba alikuwa amesikia kila neno. Akanitazama, akatazama mikono yangu. Rangi ya kijani ilikuwa bado kwenye vidole. Alivaa miwani.

"Trekta ya serikali haiendi kwenye machimbo," akasema. "Nina mashamba mengine ya kupita leo na sirudi tena huku. Nataka jibu moja. Hapa mnalima au mnauza mchanga?"

"Tunalima," nikasema.

"Tunauza," akasema mume wangu.

Tulisema kwa pamoja. Bosi Tripu akacheka, akawaambia vijana waendelee.

"Simamisheni kwanza!" bibi shamba akapaza sauti, na koleo zikasimama. "Shamba ni la nani?"

"La mama," tukajibu, safari hii jibu moja.

Mama mkwe alikuwa anakuja nyuma yetu polepole, fimbo inazama mchangani kila hatua. Hakuna aliyemshika mkono. Mimi niliogopa kumgusa. Akafika, akasimama kati ya lori na sisi, akageuza uso kuelekea sauti ya injini.

"Bibi," bibi shamba akamwambia kwa adabu, "shamba ni lako. Nikuandikie trekta, au niwaache hawa wachote?"

Mama mkwe akasikiliza injini kidogo. Kisha akanyoosha mkono hewani mpaka ukanipata begani, pale gauni lilipopasuka. Akashika ngozi yangu.

"Unaniuliza mimi?" akasema. "Mimi si ndiye kipofu niliyeng'oa maharage yenye maua nikidhani ni magugu? Mtu kama mimi utamwuliza habari ya shamba?"

Akanisukuma mbele, taratibu, mpaka nikasimama uso kwa uso na bibi shamba.

"Muulize huyu. Mwambie akueleze tena, kuanzia kwenye maharage. Akimaliza kusema kweli, shamba ni lake, aliamue."

Bibi shamba, yuleyule aliyesema akithibitisha tumeng'oa wenyewe anatufuta, akafungua kalamu. Mume wangu akanitazama. Dereva wa lori akakanyaga mafuta, injini ikanguruma, na wote wakasubiri nifungue mdomo.